Mama Josina Machel: Binti wa Msumbiji Aliyefundishwa Nachingwea



Tulipokaa kikao cha kupanga kijitabu cha miaka 10 ya kikundi chetu, tulikubaliana kwamba pamoja na hesabu za mweka hazina na picha za siku ya mgao, tuandike pia habari za mwanamke mmoja maarufu aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, ili mabinti zetu wasome. Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Wengine walitaka Bibi Titi Mohamed, wengine walitaka malkia wa huko Ulaya. Ndipo mama mmoja mtu mzima kutoka upande wa Ruangwa akauliza, je, yule binti wa Frelimo aliyefundishwa hapa hapa kwetu, ambaye baadaye aliolewa na Samora, habari zake nani anazijua? Tukatazamana. Jina tulikuwa tumelisikia, maana sisi tuliozaliwa miaka ile tumekua tukisikia habari za Frelimo nyumbani. Lakini maisha yake hakuna aliyeweza kuyaeleza hata robo. Tukaona aibu kidogo. Basi tukaanza kuuliza na kusoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

KUZALIWA NA KUSOMA

Josina Abiathar Muthemba alizaliwa tarehe 10 Agosti 1945 katika mji wa Vilanculos, mkoa wa Inhambane, kusini ya Msumbiji. Alizaliwa pacha, yeye na kaka yake. Baba yake alikuwa muuguzi katika hospitali za serikali. Babu yake alikuwa mhubiri wa kanisa la Presbiteri, na katika mahubiri yake hakuogopa kuwasema wakoloni. Kwa hiyo nyumba ile haikuwa nyumba ya watu waoga. Baba yake na ndugu zake wengine kwa nyakati mbalimbali walifungwa na Wareno kwa sababu ya siasa.

Wakati huo Msumbiji ilikuwa chini ya Wareno, na utawala wao ulikuwa mgumu sana. Watu walishikwa kufanya kazi za kulazimishwa. Huko kaskazini akina mama walilazimishwa kulima pamba na kuiuza kwa bei ya kutupa, huku mashamba yao ya chakula yakikosa mtu wa kupalilia. Wengi wa Wamakonde na Wamakua waliovuka mto Ruvuma kuja kuishi huku kwetu walikuwa wanakimbia shida hizo. Waafrika wachache tu ndio waliokubaliwa na sheria ya Wareno kuhesabiwa kuwa watu waliostaarabika, na familia ya Josina ilikuwa katika hao wachache. Ndiyo maana aliweza kusoma.

Alipokuwa na miaka 7 alianza shule katika mji wa Mocímboa da Praia, huko Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma ukitokea Mtwara. Kumbe tangu mtoto alipata kuwa jirani yetu! Alipofika miaka 13 alikwenda kusoma shule ya biashara katika mji mkuu, ambao wakati huo uliitwa Lourenço Marques na tangu mwaka 1976 unaitwa Maputo.

Huko mjini, akiwa bado binti mdogo, aliingia katika umoja wa wanafunzi Waafrika wa sekondari. Kwa nje ulikuwa ni umoja wa mambo ya masomo na utamaduni, lakini ndani yake vijana walikuwa wanajadili nchi yao. Polisi wa siri wa Wareno walikuwa wanaufuatilia. Yaani binti huyu angeweza kutulia, akamaliza masomo yake ya biashara, akapata kazi ya ofisini, akaolewa, akaishi vizuri kuliko wengi. Lakini hakutulia.

KUTOROKA MARA MBILI

Mwaka 1962, tarehe 25 Juni, chama cha Frelimo kiliundwa Dar es Salaam, na kiongozi wake alikuwa Dokta Eduardo Mondlane. Habari zikawafikia vijana wa Msumbiji kwamba Tanganyika kuna watu wanajipanga kuikomboa nchi. Mwaka 1964, akiwa na miaka 18, Josina alitoroka pamoja na wanafunzi wenzake. Mmoja wao alikuwa Armando Guebuza, ambaye miaka mingi baadaye, kuanzia 2005 hadi 2015, alikuwa Rais wa Msumbiji.

Safari hiyo haikufika. Walikamatwa Victoria Falls, katika nchi ya Rhodesia ya Kusini, ambayo siku hizi ni Zimbabwe, wakarudishwa mikononi mwa Wareno. Josina alikaa gerezani miezi 6. Frelimo walipiga kelele kwa mataifa mpaka wanafunzi wale wakaachiwa. Alipotoka alikuwa anachungwa na polisi kila anakokwenda.

Hapo sisi akina mama tujiulize. Binti yako amefungwa miezi 6, ameachiwa, yuko nyumbani salama, utamruhusu ajaribu tena? Sisi wengi tungemfungia ndani. Lakini baada ya miezi michache tu Josina alitoroka mara ya pili. Safari hii alipitia Swaziland, akavuka Afrika ya Kusini ya makaburu, akafika Bechuanaland ambayo siku hizi ni Botswana. Huko Waingereza waliokuwa wanatawala walitaka kuwarudisha yeye na wenzake. Dokta Mondlane akapeleka malalamiko Umoja wa Mataifa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ndipo wakaruhusiwa kuendelea. Wakapita Zambia, wakaingia Tanzania kwa upande wa Mbeya, mpaka Dar es Salaam. Ukijumlisha ni safari ya zaidi ya kilomita 3,000.

Dar es Salaam alipata kazi katika shule ya Frelimo iliyokuwa Kurasini, akiwa msaidizi wa mkuu wa shule, Mama Janet Mondlane, mke wa Dokta Mondlane. Baada ya muda akapata nafasi ya kwenda kusoma Uswisi. Ndugu zetu, Uswisi! Leo hii kijana akipata nafasi ya kwenda Dodoma tu tunachinja kuku. Josina aliikataa. Alisema anataka kujiunga na wanawake waliokuwa wanaandaliwa kwa ajili ya vita vya ukombozi. Na mahali walipokuwa wanaandaliwa ni hapa kwetu Nachingwea.

NACHINGWEA

Watoto wetu wa leo hawajui kwamba Nachingwea iliwahi kujulikana duniani mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta, wakajenga na reli kutoka pwani, lakini karanga hazikutoka walivyotarajia na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Mara ya pili ni kwa ukombozi. Serikali yetu chini ya Mwalimu Nyerere iliwapa Frelimo eneo la kambi hapa Nachingwea, sehemu tunayoiita Farm 17, ambako baadaye palikuja shule ya sekondari. Wakati huo Ruangwa ilikuwa bado ni sehemu ya Nachingwea, maana imekuwa wilaya yake yenyewe mwaka 1995. Kwa hiyo heshima hii ni ya pande zote mbili, watu wa Ruangwa wasijione wageni.

Kambi hiyo ilikuwa chini ya Samora Machel. Huyu naye zamani alikuwa muuguzi, kama baba yake Josina. Vijana walifundishwa kutumia silaha, lakini pia walilima chakula chao wenyewe na kusoma. Waliotoka makabila mbalimbali, wengine hawajui hata kusalimiana, walikula pamoja na kufanya kazi pamoja.

Mwishoni mwa mwaka 1966 Frelimo iliamua kwamba wanawake nao wapewe mafunzo ya kijeshi. Mwaka 1967 wanawake 25 wakaletwa Nachingwea kwa mafunzo ya miezi mitatu, na Josina akiwa mmoja wao. Jambo hili halikupokelewa vizuri na kila mtu. Wapo wanaume, hata viongozi, waliosema kwamba mwanamke kushika bunduki na kulala porini ni kuvunja mila, kazi yake ni kupika na kubeba mizigo. Wanawake wale hawakujibu kwa maneno mengi. Walimaliza mafunzo, wakavuka Ruvuma, wakafanya kazi.

Kazi zao zilikuwa nyingi. Walibeba risasi na dawa kichwani siku nyingi kwa miguu, maana magari hayakuwepo. Walilinda vijiji na kuwatunza majeruhi na watoto waliopoteza wazazi. Na kazi kubwa kuliko zote, waliingia vijijini wakazungumza na watu, hasa akina mama, kuwaeleza vita ni vya nini. Mwanamke wa kijijini asingemfungulia mlango askari mwanaume asiyemjua, lakini mwanamke mwenzake alimfungulia. Na vijana wa kiume walipoona dada zao wamebeba silaha, waliona haya kukaa nyumbani.

Mwezi Julai 1968 Frelimo ilifanya mkutano wake mkuu wa pili huko Matchedje, ndani ya Msumbiji, mkoa wa Niassa. Josina alikuwa mjumbe, akiwa hajafika hata miaka 23. Alisimama kutetea kwamba wanawake waingie katika kazi zote za chama, siyo kuwa wasaidizi tu. Baadaye akapewa madaraka ya mambo ya wanawake katika idara ya mambo ya nje, akawa anasafiri kwenda mikutano ya mataifa kueleza habari za wanawake wa Msumbiji. Mwaka 1969 akapewa kuongoza idara ya ustawi wa jamii.

Hapo kwenye ustawi wa jamii ndipo tunapompenda zaidi. Josina aliona kwamba mwanamke hawezi kufanya kazi kubwa kama hakuna mtu wa kumwangalia mtoto. Akashughulika kuanzisha vituo vya watoto katika sehemu zilizokombolewa, na akawahimiza wazazi wapeleke mabinti shule.

Sisi tulipoyasikia haya tulikumbuka yetu. Mwaka wetu wa kwanza tulikuwa tunampiga faini mwanakikundi ambaye mtoto wake analia na kuvuruga kikao. Matokeo yake akina mama wenye watoto wachanga wakaanza kukosa vikao, na hisa zao zikabaki nyuma. Baadaye tukaifuta ile faini, tukaweka zamu ya mtu mmoja kuwaangalia watoto chini ya mwembe wakati wengine wanahesabu hela. Hatukujua kwamba kuna binti aliyeliona jambo hilo hilo miaka mingi nyuma, tena katikati ya vita.

NDOA, MTOTO NA UGONJWA

Mwaka 1969 ulianza vibaya. Tarehe 3 Februari Dokta Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Frelimo ikayumba. Mwezi Mei mwaka huo huo Josina akafunga ndoa na Samora Machel huko Tunduru, kwenye kituo cha Frelimo cha watoto na elimu. Novemba akajifungua mtoto wa kiume, akapewa jina la baba yake, Samora. Mwaka 1970 mumewe akawa rais wa Frelimo.

Josina hakukaa nyumbani kama mke wa mkubwa. Lakini mwaka 1970 afya yake ilianza kuharibika. Alikuwa anaumwa tumbo, anakonda, anachoka. Alipelekwa kutibiwa Moscow, na waganga wakamshauri apumzike. Aliporudi hakupumzika. Alimwacha mtoto kwa rafiki, akaenda Niassa kwa miguu kukagua kazi za idara yake. Mwezi Machi 1971 akaenda tena Cabo Delgado. Mwanzoni mwa Aprili mwili ukakataa. Alivushwa kurudi Tanzania akiwa mgonjwa sana, akafikishwa hospitali ya Muhimbili, na tarehe 7 Aprili 1971 akafariki dunia. Alikuwa na miaka 25 tu. Mtoto wake alikuwa hajatimiza hata mwaka mmoja na nusu.

Alizikwa makaburi ya Kinondoni, Dar es Salaam. Baada ya uhuru mabaki yake yalihamishiwa Maputo, kwenye mnara wa mashujaa.

BAADA YA KIFO CHAKE

Frelimo waliamua kwamba tarehe 7 Aprili iwe siku ya wanawake wa Msumbiji, na mpaka leo ni sikukuu ya taifa huko kwao. Mwaka 1973 wakaunda jumuiya ya wanawake wa Msumbiji. Mwezi Mei 1975 Samora alivuka Ruvuma kutoka Tanzania, akapita mikoa yote ya nchi yake mpaka mji mkuu, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru naye akiwa Rais wa kwanza. Josina hakuiona siku hiyo. Samora mwenyewe alikufa kwa ajali ya ndege tarehe 19 Oktoba 1986. Shule kubwa ya sekondari ya Maputo, ambayo Wareno waliiita kwa jina la mtawala wao Salazar, ilipewa jina la Josina Machel.

SISI TUNAJIFUNZA NINI

Katika kikao tuligawanyika tena hapa. Wengine walisema tuandike kwamba Josina alikufa kazini, na kila mwanamke afanye kazi hivyo hivyo mpaka mwisho. Wengine tukasema hapana, hapa lazima tuseme ukweli wetu.

Mwaka wa nne wa kikundi chetu tulimzika mwenzetu. Alikuwa hodari sana, shamba lake la ufuta halikuwa na jani. Aliumwa kwa miezi mingi akajificha, anakunywa dawa za kununua dukani, kwa sababu alikuwa na mkopo wetu na aliogopa kwamba akienda hospitali marejesho hayatafika na sisi tutamsema. Na kweli tungemsema. Alipopelekwa hospitali muda ulikuwa umepita. Hela za mfuko wa jamii zilikuwemo kwenye sanduku, kufuli tatu ziko salama, na zilipotoka zilitoka kununua sanda. Utaratibu wa kumzika tulikuwa nao, wa kumtibu hatukuwa nao. Aliacha watoto wanne, wa mwisho alikuwa bado ananyonya.

Baada ya arobaini tulibadilisha katiba. Sasa mwanakikundi mgonjwa akileta karatasi ya hospitali marejesho yake yanasimama, bila riba wala faini, na mfuko wa jamii unatoa nauli na hela ya matibabu kwanza, mambo ya msiba baadaye. Wapo waliosema kikundi kitafilisika. Hakijafilisika.

Kwa hiyo tunaposoma habari za Josina tunamheshimu sana kwa mambo mengi. Alirudia safari iliyomfunga gerezani, aliiacha Uswisi akaja porini kwetu, na alisimama mbele ya wanaume akasema mwanamke ni mtu kamili. Yeye alikuwa vitani, na vita haina likizo, hatuwezi kumhukumu. Lakini sisi hatuko vitani. Binti atakayesoma hapa asifikiri ushujaa ni kuficha maumivu. Ushujaa wa Josina ambao tunataka auchukue ni ule wa kuona kwamba mtoto wa mwenzako anahitaji mtu wa kumshika ili mama yake afanye kazi, halafu kulifanyia jambo hilo mpango.

Tumepitisha kwa kauli moja kwamba kila mwaka, kikao kilicho karibu na tarehe 7 Aprili, kabla ya kufungua sanduku, tutaulizana afya mmoja mmoja, na mwenye shida aseme bila kuona haya. Na mabinti zetu wanaosoma sekondari watapewa nafasi ya kusimulia habari hii, ili isipotee tena kama ilivyotaka kupotea kwetu.

Mungu amlaze mahali pema Mama Josina, na mwenzetu tuliyemzika, na wote waliotutangulia. Mungu akibariki kikundi chetu kifikishe miaka mingine 10.



Mwenyekiti, kwa niaba ya wanakikundi wote wa Nachingwea na Ruangwa